Chuo cha hapa hapa Malindi au uende Mombasa? Kwa waliomaliza fom foo na wazazi wao

Kila matokeo ya KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, yakitoka maswali ni yale yale, simu yajaa meseji, "ami nina D plas niende wapi", "mwanangu kapata C plas lakini pesa ya kumueka Mombasa sina". Basi leo naziweka njia zote sambamba tuzitazame. Na nasema mapema mimi nnaegemea wapi, usije ukasoma hadi chini ukingoja: kwa watu wengi wa hapa, wengi sio wote, chuo cha mjini chawafaa kuliko wanavokidharau. Wale ambao hakiwafai ni wachache, lakini lazima tuwataje wasije wakafungiwa nyumbani kwa jina la kubana matumizi.

Njia zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni chuo cha hapa, na hapa kuna aina mbili watu huzichanganya. Kuna vyuo vya ufundi vya kaunti, wazee bado waviita politeknik, vilivyoingia mkononi mwa kaunti baada ya ugatuzi wa 2013, wasomea ushonaji, uashi, makanika, umeme wa nyumba, saluni. Alafu kuna vya serikali kuu vinavofika hadi diploma, kama kile cha Weru. Njia ya pili ni Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, kama kilomita 60 kutoka hapa. Ya tatu ni Mombasa, kama kilomita 120, ambako kuna TUM, yani Technical University of Mombasa, na kuna Kenya Coast National Polytechnic. Nairobi nimeiacha makusudi, hio ni hesabu nyingine kabisa.

Chuo cha mji ni cha kazi gani hasa

Nataka tuelewane hapa kwanza manake wengi wetu hukiona chuo cha karibu kama mahali pa waliofeli. Wamarekani walilitatua hili zamani. Mwaka 1901 pale Joliet, Illinois, walifungua chuo cha miaka miwili kikaanza na wanafunzi sita tu, na 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ikapendekeza vyuo vya namna hio vienee nchi nzima. Mtu anaingia bila kuulizwa gredi kubwa, analala kwao, anafanya kazi mchana anasoma jioni, akimaliza miaka miwili anaingia kazini au anahamia chuo kikuu amalizie digrii. New York wana LaGuardia pale Queens, tangu 1971, mtaa wa wahamiaji kutoka kila pembe ya dunia, na chuo kimejipanga kwa watu hao hao, kuanzia masomo ya kiingereza kwa wageni. Nnachokipenda si majengo yao wala pesa zao, ni kwamba chuo chaangalia mji wake una nini na wakosa nini ndo kipange kozi. Sisi hapa twafanya kinyume, kozi yaja na karatasi kutoka Nairobi alafu ndo twatafuta mji uifate.

Na kuna jambo jengine watu husahau. TUM unayoiona leo ilianza kama MIOME, taasisi ya kuwapa vijana Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi, ikaanza kupokea wanafunzi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1966 ikawa Mombasa Technical Institute, 1972 ikawa politeknik, 2007 chuo kikuu kishiriki, 2013 chuo kikuu kamili. Chuo Kikuu cha Pwani nacho vivo hivo, palikuwa na chuo cha kilimo pale Kilifi, 2007 kikageuzwa tawi la Kenyatta, 2013 kikapewa hati yake. Twafurahi ndio, pwani ilikaa miaka mingi bila chuo kikuu chake. Lakini kila chuo cha ufundi kikipanda cheo macho yake yageukia digrii, na yule kijana wa gredi za chini aliyejengewa mlango zamani anaukuta mlango umehamishwa. Hio nafasi iliyobaki wazi ndo ya chuo cha mji. Ukikiona hivo utaacha kukipima kwa kipimo cha chuo kikuu.

Gredi, hili ni fupi

Digrii yataka C plas. Diploma yataka C mainasi. Sati ya ufundi, yani cheti, level 5 sikuhizi, D plain. Chini ya hapo kuna level 4 na kozi za kaunti ambazo hata aliyeacha shule darasa la nane anaingia. Uuguzi uko peke yake, KMTC, chuo cha serikali cha mambo ya tiba, wanataka C plain kwa diploma pamoja na gredi za biolojia na lugha, na bahati nzuri KMTC tawi la Malindi lipo, kwa hio usikimbilie Mombasa kwa sababu hio tu. Kama una D plas na mtu akakwambia atakuingiza digrii kwa mlango wa nyuma, huyo ni tapeli, mpe salamu uondoke.

Pesa: usiangalie fii peke yake

Hapa ndo wazazi wengi hukosea hesabu. Waangalia karatasi ya fii waona tofauti ni ndogo wasema haya nenda Mombasa. Kwa vyuo vya ufundi vya serikali mpango uliowekwa 2018 ulikuwa fii ya mwaka 56,420, serikali yalipa 30,000 na 26,420 iliobaki mwanafunzi anaombea mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Tangu 2023 mfumo ulibadilishwa kwa wanaoingia wapya, kwa hio usimuamini jirani ambaye mwanawe aliingia zamani, nenda ofisini upewe kiwango cha sasa kwa maandishi. Lakini nasema tena, fii sio tatizo kubwa. Tatizo ni chumba Kisauni kule Mombasa, ni godoro, ni gesi, ni maji ya kununua kwa mtungi, ni nauli ya kurudi kila likizo na kila msiba, manake sisi watu wa pwani msiba hatukosi. Na HELB huchelewa, kila mtu ajua. Ikichelewa wewe uko Malindi kwa mamako utakula ugali na mchicha maisha yaende. Ikichelewa uko Mombasa mwenye nyumba anapiga kufuli, na nimeona vijana wazuri tu wakiacha masomo muhula wa pili kwa ajili ya kodi, gredi walikuwa nazo, akili walikuwa nazo, kodi ndo iliwashinda.

Kilifi iko katikati. Kuna wanaofikiria kwenda na kurudi kila siku kwa matatu, mi nakwambia usijaribu, utaweza mwezi wa kwanza alafu masomo ya asubuhi yaanza kukupita. Lakini wikendi waweza kurudi nyumbani ukachukua unga na nazi, na hilo ni punguzo la kweli.

Msimu, jambo ambalo hakuna anayelitaja

Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu sijaona mtu akilisema na ni kubwa mno kwa mji wetu. Malindi yala kwa msimu. Kaskazi ikivuma, Disemba hadi Machi, Wataliano wako, mahoteli yamejaa, boti zatoka, tuktuk hazipumziki, hata anayeuza madafu anajua. Agosti napo pana kijimsimu. Alafu Aprili yaingia masika na kusi, bahari yachafuka, mahoteli mengine yafunga kabisa hadi Juni au Julai na wafanyakazi warudishwa nyumbani bila mshahara. Sasa angalia kalenda ya vyuo: wanapokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba. Mtu wa hapa akiingia Mei anasoma wakati mji umelala, hapotezi kibarua chochote, na kozi za sikuhizi zimekatwa vipande vipande kwa hio waweza kumaliza kipande ukapumzika ukafanya kazi msimu ukarudi. Aliye Mombasa hawezi hili, yani kufika Disemba yuko na mtihani ama yuko njiani, na ile nafasi ya weita au ya jikoni yachukuliwa wiki ya kwanza na mwenye kuonekana.

Na sio hela tu. Msimu ndo wakati meneja anahitaji mikono, na ukiingia kama kibarua ukiwa tayari wasomea upishi au friji, wakuona kazini kabla hujaomba atachimenti, yani ile nafasi ya mazoezi kazini. Ndo maana vijana wengi wanaosomea utalii Mombasa huishia kurudi kufanya atachimenti hapa hapa. Basi kama kazi iko hapa na atachimenti iko hapa, jiulize Mombasa umeendea nini.

Kozi na kazi za huku

Tuseme ukweli kazi za huku ni zipi. Hoteli na nyumba za kukodisha za wazungu kuanzia Casuarina hadi Watamu: upishi, usafi wa vyumba, fundi bomba, fundi wa friji na ac, umeme wa sola, pampu za bwawa la kuogelea. Fundi wa ac hapa halali njaa, chumvi ya bahari yala hizo mashine kila mwaka, na chuo kikuu hakimtoi fundi huyo. Kuna uvuvi, na injini za boti za nje zinazofungwa nyuma, kila mvuvi anazililia na mafundi wenye kuzijua vizuri ni wa kuhesabu. Kuna mashamba ya chumvi Gongoni na Marereni yenye mapampu na mitambo. Kuna maembe, mihogo, korosho, watu wavuna wauza ghafi kwa sababu hakuna anayejua kukausha na kupaki. Kuna ushonaji wa sare za shule na za mahoteli. Na kuna kitaliano bana, vijana wa bichi wanakiongea vizuri wamekiokota mchangani, hawana karatasi hata moja.

Katika hayo yote digrii yahitajika kwa machache. Lakini sikwambii Pwani na TUM hazina maana. Ukitaka kuwa mwalimu wa sekondari, mtaalamu wa samaki na bahari, afisa kilimo wa ngazi ya juu, Pwani ndo kwao. Ukitaka uhandisi, au mambo ya meli, TUM wana historia na wako mlangoni mwa bandari. Chuo cha mji hakikufikishi huko moja kwa moja, na mtu asikudanganye ati "utaanzia hapa alafu utahamia". Wamarekani wana makubaliano kati ya vyuo, masomo yahesabiwa. Kwetu kila chuo kikuu chaamua chenyewe kama kitakupunguzia mwaka au utaanza upya na diploma yako mkononi. Kwa hio kama lengo ni digrii, piga simu chuo kikuu unachokitaka KABLA hujajiandikisha diploma, uliza diploma hio kutoka chuo hicho waihesabu vipi.

Waliokwishakuwa mafundi

Kuna kundi hapa halina matokeo ya KCSE ya kuangalia. Mtu ana miaka arubaini, amejenga nusu ya nyumba za Muyeye na Maweni, lakini kila tenda akiambiwa lete sati anarudi nyuma. Huyu Mombasa hatakwenda, ana watoto. Chuo cha mji ndo cha kumshikia mkono apate kutahiniwa kwa alichokwishajua, kuna mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya kazi, kuanzia gredi ya tatu kupanda, na kuna utaratibu wa kutambua ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini. Vivo hivo kina mama wanaopika biriani za harusi, wakipata kozi fupi ya usafi wa chakula na hesabu waweza kuchukua oda za mashirika na mahoteli. Mimi nikipewa chuo cha hapa nikiongoze hata wiki moja, ningeanza na madarasa ya jioni kwa watu hawa kabla ya kununua kompyuta nyingine yoyote. Chuo kisichofungua mlango saa kumi na moja jioni katika mji wa mahoteli na uvuvi bado hakijaujua mji.

Sasa ubaya wake

Mashine. Utakuta waya wa welding mmoja watu ishirini wapanga foleni, injini ya mazoezi ni ya gari ambalo barabarani halipo tena. Walimu ni wachache na wengine wazuri huondoka wakipata pesa zaidi. Na jina: ukipeleka karatasi ya chuo cha kaunti Nairobi hawakijui, hapa hapa Malindi fundi mkuu wa hoteli anakijua na anamjua mwalimu wako. Jina lako lafika mpaka pale linapojulikana, usijidanganye zaidi ya hapo. Polytechnic ya Mombasa ina vifaa zaidi na kwa kozi nzito kama umeme wa viwanda au mitambo nakwambia wazi nenda, usisomee kitu cha mashine mahali ambapo mashine ni picha ukutani.

Njia ya kujua si brosha. Nenda siku ya kawaida sio siku ya wageni, omba kuona karakana. Kama vifaa vimefunikwa nailoni na sakafu inang'aa, hapo hapafanywi kazi. Uliza kama kozi hio imesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi, sio chuo tu, kozi yenyewe. Uliza mtihani ni wa nani, KNEC, CDACC au NITA, kama jibu ni "tunatoa cheti chetu wenyewe" shukuru uondoke. Hapa ndo wanapoangukia wengi, vile vichuo vya ghorofani juu ya duka la simu, bango kubwa, kozi thelathini, chumba kimoja. Fii yao mara nyingi ni kubwa kuliko ya serikali na karatasi yao haikufikishi popote. Na swali la mwisho la kuuliza ni waliomaliza mwaka jana wako wapi, kwa majina ya sehemu za kazi. Mwalimu anayejua atakwambia palepale, wawili wako hoteli fulani, mmoja amefungua karakana Barani. Asiyejua ataanza kukusomea malengo ya chuo.

Mabinti

Hili nalisema kwa wazazi wenzangu kwa heshima. Nimesifu chuo cha karibu, lakini naona kikitumiwa vibaya. Binti ana B mainasi, kaitwa Pwani kusomea sayansi, baba asema mtoto wa kike asiende mbali atasoma ushonaji hapa. Hapana jamani. Chuo cha mji kilijengwa kuwafungulia watu, sio kuwa kisingizio cha kumkalisha mtu aliyefaulu. Kama hofu ni malezi, hosteli za ndani ya chuo ziko, ndugu na mashangazi Kilifi na Mombasa wako, zungumzeni. Upande mwengine kuna msichana aliyezaa akiwa shuleni, sasa mtoto ana miaka miwili, huyu ndo hasa chuo cha karibu chamfaa, bibi anabaki na mtoto yeye anasoma hadi saa nane anarudi. Kwake Mombasa sio chaguo hata kama gredi zipo, labda baadae.

Wenzetu wa Lamu

Lamu hesabu ni nyingine, na kali zaidi. Kwetu Mombasa ni asubuhi kwenda jioni kurudi. Kwao ni boti hadi Mokowe alafu basi hadi huku, kabla hujafika popote siku imekwisha. Kwa hio chuo cha kwao kina uzito kuliko chetu. Na bandari ipo, gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Serikali ilitoa ufadhili kwa vijana elfu moja wa Lamu wasomee kazi za LAPSSET, ule mradi mkubwa wa bandari ya Lamu na barabara zake, na waliotangulia walipelekwa Mombasa kwenye chuo cha bandari, jambo zuri, ila lakuonyesha pengo lenyewe: bandari iko Lamu, darasa liko Mombasa. Kijana wa Lamu akipata ufadhili kama huo aende, asisite. Asiyepata, mi ningemwambia aangalie kile ambacho bandari na mji vyahitaji kila siku, welding, injini za boti, umeme, udereva wa mitambo, na seremala wa majahazi na milango, manake mji wa kale uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001 na nyumba za matumbawe zataka mafundi wa namna yake, na hao Nairobi hawapo.

C plas kamili

Nimeliacha la mwisho kwa sababu ndo gumu. Wa D jibu lake rahisi, wa B jibu lake rahisi. Wa C plas yuko kwenye mpaka, KUCCPS, wale wanaopangia wanafunzi vyuo, inamruhusu digrii lakini mara nyingi anapangiwa kozi ambayo hakuiota, na wazazi wanashika "digrii ni digrii". Mimi nnavoona: kama kozi uliyopangiwa ina kazi unayoweza kuitaja kwa jina, ualimu, uvuvi na bahari, kilimo, hesabu za biashara, chukua, Kilifi iko karibu, jibane. Kama ni kozi ambayo hata wewe huwezi kumueleza nyanya yako utakuwa unafanya nini ukimaliza, miaka minne hio na deni la HELB juu yake, basi chukua diploma ya ufundi hapa au polytechnic ya Mombasa, uwe na kazi mkononi mapema, digrii utaijia ukiwa na mshahara wako. Na ukiamua hivo fanya ombi la Mei, sio Septemba, nishasema kwa nini.